"Watoto Wako Wako Wapi?" Uchambuzi wa habari moja ya bibi aliyelala barazani

Kisa hiki ni cha dakika nne za televisheni. Nimekiunganisha kutokana na habari za sampuli moja zinazojirudia Unguja karibu kila mwaka, ili asitambulike mtu, kwa hiyo msomaji asihangaike kumtafuta bibi wala kituo. Majengo, taasisi na tafiti ninazozitaja kwa majina ni za kweli. Habari ya namna hii wengi tumeiona, tukaisambaza, tukaguna, tukasahau. Nataka tuikalie kidogo.

Ni kumi la kati la Ramadhani na mvua za masika zimeshaanza kunyesha. Baada ya tarawehe, mwandishi na mpiga picha wake wanaingia kwenye uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Barazani amelala bibi wa miaka sabini na kitu: mkeka chini, kanga mbili juu, furushi la nguo ndiyo mto. Mjukuu wake wa kiume, umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani, amekaa kando yake. Kamera inaanza na nyayo zilizopasuka, inapanda mpaka kwenye sahani ya wali iliyofunikwa kawa, kisha inatua usoni mwa bibi na kuganda hapo. Nyuma inasikika kasida ya taratibu. Chini ya kioo yamepita maandishi: "MAMA WA WATOTO SITA ALALA NJE MWEZI WA RAMADHANI."

Swali la kwanza la mwandishi ni hili: "Shikamoo bibi. Watoto wako wako wapi?"

"Marahaba. Wapo, mwanangu. Kila mtu na lake."

Bibi anafunika uso kwa ncha ya kanga. Kamera haiondoki. Tunarudi studio, mtangazaji anavuta pumzi, inatolewa namba ya simu ya kutumia mchango, na linatajwa jina la duka la fanicha lililodhamini kipindi. Kabla ya daku klipu imeshaenea kwenye makundi ya WhatsApp, mpaka kwa ndugu zetu walioko Muscat na London.

Sasa tuitazame vizuri.

Swali la kwanza ndilo lililotengeneza habari nzima. Mwandishi angeweza kuuliza, "Bibi, ulikuwa unakaa wapi kabla ya hapa?" Hilo lingempeleka kwenye chumba, chumba kingempeleka kwenye nyumba, na nyumba kwa mwenyewe. Yeye aliuliza watoto. Kwetu swali hilo lina uzito wa hukumu, kwa sababu kila mtazamaji anajua mtoto anavyopaswa kumtunza mzazi wake, na anajua aya na hadithi za kumsomea asiyemtunza. Tangu hapo hapakuwa na nafasi ya swali jingine. Hata jibu la bibi, "Kila mtu na lake," lilisikika kama mama anayeficha aibu ya wanawe, ingawa ukilisikiliza bila kasida linaweza pia kuwa jibu la mtu anayejua kwamba wanawe wana shida zao.

Na kweli walikuwa nazo. Katika mahojiano marefu ambayo hayakurushwa, bibi alieleza mambo yaliyobadilisha sura ya kisa. Mtoto mmoja alikuwa Oman akifanya kazi za ndani, na pesa alizokuwa akileta ndizo zilizokuwa zikimsomesha yule mjukuu. Wawili walikuwa Bara. Mmoja alikuwa amefariki, kwa hiyo hata hesabu ya "sita" haikuwa sawa. Mwingine ni baharia ambaye hukaa miezi hajaonekana. Binti mdogo alikuwa Jang'ombe, ndani ya chumba na ukumbi na mume na watoto watano, na bibi alikwishawahi kulala huko kwa wiki kadhaa, akitandikiwa godoro ukumbini baada ya wote kuingia ndani. Alirudi barazani kwa hiari yake, na sababu aliitaja mwenyewe. Upande wa juu wa nyumba aliyokuwa akikaa ulikuwa umeporomoka kwa mvua, wapangaji wakaambiwa watoke mpaka itengenezwe. Baraza aliyolala ni ya nyumba hiyohiyo. Alisema, "Nikiondoka hapa, nimeondoka."

Maneno hayo yalikatwa. Ukiniuliza mimi, hayo ndiyo habari. Mpangaji wa zamani asiye na hati yoyote zaidi ya vijirisiti vya kodi vilivyofungwa kwenye mfuko wa plastiki anajua kwamba haki yake ni kuonekana pale. Akihamia Fuoni kwa mtu, nyumba ikatengenezwa, chumba kitapata mtu mwingine, au jengo zima litabadilika matumizi na kuwa nyumba ya wageni, na hatakuwapo wa kumkumbuka. Bibi alikuwa analinda mlango. Mwandishi alimkuta zamu, akamtangaza ametupwa.

Nyumba ambayo kamera iliipa mgongo

Nimeirudia klipu nikitafuta jengo lenyewe. Halimo. Kuna kipande cha nguzo, kuna nusu ya mlango wa kuchongwa unaopendeza kwenye picha, basi. Mpiga picha alisimama karibu na nyumba akaelekeza lenzi kwa bibi. Kama angerudi nyuma hatua kumi na kuinua kamera, angeonesha ghorofa ya juu iliyofunguka, boriti zimening'inia, na madirisha ya chini ambako bado kulikuwa na taa, kwa sababu familia nyingine zilikuwa hazijatoka.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Jengo la namna hiyo linadumu muda wote paa likiwa zima na lipu ya chokaa ikipakwa upya. Maji yakishaingia ukutani, udongo unalainika, boriti zinaoza kwenye ncha zilizozamishwa ndani ya ukuta, na siku moja sakafu inashuka yote. Hakuna siri hapo, kila fundi wa mji anaijua. Kigumu ni kujua nani wa kulitia chokaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi ambazo wenyewe waliondoka au walinyang'anywa zilichukuliwa na serikali, wakaingizwa wananchi kutoka Ng'ambo, yaani upande wa pili wa mji, na mashamba, familia moja kila chumba, kwa kodi ndogo. Nyingine zilikuwa na zimebaki za wakfu, zinazosimamiwa leo na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyingine ni za watu binafsi, ila warithi wametawanyika nchi tatu na hawasemezani. Kuanzia miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, nyumba zikaanza kuuzwa, na utalii ukaja na bei zake. Mji wenyewe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, jambo lililoleta heshima na pia masharti: huwezi kuziba paa kwa kitu chochote unachokiokota. Mpangaji wa chumba kimoja hana uwezo wala ruhusa, na mwenye uwezo na ruhusa hana haraka.

Yote hayo hayaingii kwenye dakika nne, najua. Lakini sentensi moja ingeingia: "Bibi huyu ni mmoja wa wapangaji wa nyumba iliyoporomoka, na mwenye nyumba ni fulani." Ni sekunde nane.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani na kuua watu. Habari zile zilianza na jengo: lilikuwa katika matengenezo gani, nani akigharamia, nani msimamizi, lilikuwa na nyufa tangu lini. Ndivyo inavyotakiwa. Hakuna aliyewauliza walinzi wa jumba lile kama wana watoto. Ila nyumba wanamoishi watu ikianguka mita mia kadhaa kutoka hapo, na mkaazi wake akalala nje, jengo linatoweka katika habari na ukoo unaingia mahali pake. Mvua ileile ikijaza maji nyumba za bondeni kule Mwanakwerekwe, wale wanaotolewa huitwa "waathirika", viongozi huja na mabuti, na swali la mitaro huulizwa hadharani. Aliyekosa nyumba kwa maji ya bondeni ni mwathirika, na aliyekosa nyumba kwa maji ya paa ni mama aliyetupwa. Tofauti imewekwa na mhariri.

Yaliyofuata

Michango ilikuja, tena mingi, na siidharau. Kwa wiki moja bibi alikula futari ambayo hakuwa ameiona siku nyingi. Godoro lililetwa na duka lile la fanicha, likapigwa picha likiwa bado na nailoni yake. Mtu mmoja wa nje akajitolea kodi ya miezi sita kwa chumba cha Kinuni.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa ule, alikasirika, kwa sababu klipu ilimuonesha kama mtu asiyejua wanaolala kwake, na hakuwa amehojiwa. Ofisi ikaagizwa ilishughulikie jambo haraka. Siku ya nne walikuja maofisa na kamera ya pili, na bibi akachukuliwa kupelekwa kwenye makaazi ya wazee. Serikali inayo makaazi hayo Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, na kwa mzee asiye na mtu ni stara kubwa. Kwa huyu palikuwa na kizuizi ambacho hakuna aliyekitaja: mjukuu. Makaazi ya wazee ni ya wazee. Mtoto akaenda kwa shangazi yake Jang'ombe, akawa wa sita katika ukumbi uleule. Habari ya pili ikasomwa kwa furaha: "BIBI ALIYELALA NJE APATA MAKAAZI." Kwenye mlango wa nyumba pakapigwa mabati, na mlinzi wa haki ya chumba kile hakuwapo tena kuona nani anaingia. Sijaona habari ya tatu.

Aliyelipa zaidi ni yule binti. Watu walimtambua kwa sura ya mama yake na kwa sura ya mtoto. Maoni chini ya klipu yalimlaani kwa majina ambayo siyaandiki. Mume akaulizwa kazini. Wanawe wakazomewa madrasa. Alikuwa na kawaida ya kuuza urojo jioni karibu na kwake. Akaacha kwa muda, na kwa familia ile hilo lilikuwa pigo kuliko matusi. Huyu ndiye mtoto pekee aliyekuwa akimpelekea bibi chakula kila siku. Sahani ya wali iliyofunikwa kawa, ile ambayo kamera ilipita juu yake kwa huzuni, ilikuwa yake.

Kuhusu mjukuu, sina maneno mengi. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia 1991, inamkinga mtoto dhidi ya kuingiliwa faragha yake na kushambuliwa heshima yake. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto tangu 2011. Uso wa mtoto ungefichwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Haukufichwa kwa sababu ulikuwa unaliza.

Mazoea haya si yetu peke yetu

Mtafiti Shanto Iyengar wa Marekani aliwaonesha watazamaji habari za umasikini kwa namna mbili na kuchapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Waliooneshwa kisa cha mtu mmoja fukara walielekea kumtupia lawama mtu huyo. Waliooneshwa hali ya umasikini kwa ujumla, sababu zake na sera zake, walielekeza lawama kwa jamii na serikali. Nikiisoma kwa macho ya hapa naona sisi tumeongeza kitu. Watazamaji wetu hawakumlaumu bibi hata kidogo; uzee umemkinga. Lawama ilihama hatua moja tu, ikaangukia ukoo wake, na hapo ikatulia. Haikufika kwa mwenye jengo.

Utafiti mwingine, wa William Bunis na wenzake, uliochapishwa 1996, uliangalia kalenda. Habari za wasio na makaazi katika vyombo vikubwa vya Marekani zilikuwa zikipanda kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka, kisha zikishuka, ingawa Januari na Februari baridi ni kali vilevile. Huruma ina msimu wake. Wetu ni Ramadhani, na hapa siilaumu Ramadhani, maana kutoa ndiko kulikoamrishwa. Nawalaumu wanaopanga vipindi. Katika chumba cha habari mwezi wa Shaabani unakaa kikao cha kutafuta "visa vya kugusa", mdhamini ameshalipa, na waandishi wanatumwa kutafuta mtu wa kulia. Mwezi wa Safar, miezi mitano baada ya Ramadhani, hakuna anayetumwa kuuliza kama ile nyumba ya Mkunazini imepata fundi.

Jambo la tatu ni nani anayehesabiwa. Mei 2019 wataalamu walikutana Nairobi chini ya Umoja wa Mataifa kujadili maana ya kukosa makaazi, na maelezo yao hayakuishia kwa anayelala nje. Waliwaingiza pia walio katika hifadhi za muda na wanaoishi katika nyumba zisizofaa na zisizo na uhakika. Kwa kipimo hicho, usiku ule waliokuwa hawana makaazi katika nyumba ile hawakuwa mmoja. Zilikuwamo familia zilizobaki chini ya sakafu iliyoegemea hewa. Alikuwamo pia, kwa namna fulani, yule binti wa Jang'ombe na ukumbi wake. Kwetu shida hii mara nyingi ina mlango na pazia. Watu wanapishana kulala, vijana wanalala msikitini au kwenye boti Malindi, harusi inaahirishwa kwa kukosa chumba. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, kutoka 1,303,569 mwaka 2012, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu karibu laki sita wameongezeka katika miaka kumi, na wengi wameingizwa ndani ya kuta zilezile na jamaa zao. Kamera inayosubiri mtu atoke barazani itamkuta mmoja kati ya wengi.

Wakati huohuo ipo sura ya pili ambayo vyombo vyetu humpa mtu anayelala nje, na hiyo humwangukia zaidi kijana kuliko mzee. Angekuwa mwanamume wa miaka thelathini kwenye baraza ileile, hapangekuwa na kasida. Habari ingesema "wazururaji wasafishwa Mji Mkongwe", na watalii wangetajwa kwenye sentensi ya pili. Tarehe 4 Disemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji, zinazomfanya mtu kuwa mkosaji kwa kukosa kazi au makaazi, zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Mwandishi anayeandika "wasafishwa" bila kuuliza walishtakiwa kwa lipi ameshatoa hukumu kabla ya hakimu.

Redio iliyofanya vizuri bila kusikilizwa

Ili nisionekane naponda tu: kisa hikihiki kilichukuliwa pia na kipindi cha redio cha asubuhi. Hawakutaja jina la bibi. Waliuliza nyumba ni ya nani, wakampigia simu sheha, wakaenda ofisi moja wakaelekezwa ya pili, ya pili ikawarudisha ya kwanza. Walihoji wapangaji wawili na fundi mmoja wa chokaa. Kwa uandishi, hiyo ndiyo kazi.

Na ilichosha kusikiliza. Dakika ishirini, kumi na mbili kati yake ni ofisa akisema jambo "linafanyiwa kazi" na "taratibu zinaendelea". Hakuna aliyeisambaza. Hapa ndipo wenzangu wa habari hunijibu, na wana haki: chozi linakwenda, utaratibu hauendi. Siamini kwamba inabidi kuchagua kimoja. Sauti ya bibi ikisema "Nikiondoka hapa, nimeondoka" ina uchungu kuliko nyayo zake, na inabeba mkataba wa nyumba ndani yake. Ningeanza na sauti hiyo juu ya picha ya jengo zima, usiku, ghorofa ya juu iko wazi na taa za chini zinawaka. Mikono yake ikishika vile vijirisiti, uso usionekane. Kisha fundi, kwa sekunde ishirini, aoneshe boriti iliyooza. Kisha ofisa, na swali moja tu lisilokubali taratibu: wapangaji hawa wameandikwa wapi kwamba watarudi? Akisema wameandikwa, aioneshe karatasi. Akisema hawajaandikwa, habari imepatikana. Namba ya mchango ibaki mwishoni, kwa sababu njaa haisubiri mkataba.

Maandishi ya chini yangekuwa: "WAPANGAJI WALALA BARAZANI WAKIHOFIA KUPOTEZA VYUMBA." Binti wa Jang'ombe asingezomewa na mtu kwa maneno hayo. Mwenye jengo huenda angepiga simu kituoni asubuhi, akiwa na hasira, na mwenye hasira huongea.

Mdhamini je? Duka la fanicha lingeweza kukataa, kwa kuwa habari ya jengo ina hatari ya kumgusa mtu anayefahamiana na mtu. Hapo mhariri mkuu ana uamuzi wa kufanya. Asipoweza kuirusha habari ndani ya kipindi cha mdhamini, airushe kwenye taarifa ya saa mbili, ambayo haina duka juu yake. Na kwenye daftari la dawati iandikwe nyumba ipo mtaa gani, nani kaahidi nini, na tarehe. Tarehe hiyo ikifika mwandishi apige simu, hata kama ni mwezi wa Safar.